Ustahimilivu Hujengwa kwa Mambo Madogo

Matokeo ya mtihani yanapobandikwa ukutani, wanafunzi wawili waweza kusimama pamoja mbele ya karatasi ile ile, nao wamepata alama zile zile mbaya. Mmoja huinamisha kichwa, akakaa kimya siku mbili tatu, kisha huonekana maktabani na daftari lake, akitafuta alipokosea. Wa pili husema, "Hesabu si zangu," akafunga daftari. Na muhula unaofuata dawati lake huwa tupu. Ukiuliza habari zake utaambiwa yuko Geita, anatafuta dhahabu.

Watu wengi hueleza tofauti hiyo kwa maneno mepesi. Husema kwamba huyu alizaliwa na moyo mgumu na yule alizaliwa na moyo mwepesi, kana kwamba moyo ni kama urefu wa mtu, usioweza kuongezwa. Kusudi la makala haya ni kuonyesha kwamba sivyo. Ustahimilivu hujengwa, tena hujengwa kwa mambo madogo ya kila siku: shambani, machungani, jikoni na darasani. Nasi wa Shinyanga na Geita hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mifano.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Kustahimili si kutoumia. Kijana aliyeshindwa mtihani na asione uchungu wowote hana ustahimilivu. Hana haja na mtihani, basi. Mstahimilivu ni yule ambaye jambo humpiga, akayumba, akaona uchungu kama watu wote, kisha akarudi kusimama na kushika kazi yake. Wahenga walisema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hiyo yatufaa sana sisi, kwa kuwa katika nchi ya Geita waliishi Warongo, wahunzi mashuhuri walioyeyusha chuma na kufua majembe. Mhunzi aliyevunjikiwa na koleo hakuacha kuona hasara. Aliiona, kisha akafua koleo jingine.

Somo la ngitili

Wasukuma wana desturi ya tangu zamani iitwayo ngitili. Mvua zinapoanza, mwezi wa Novemba hivi, mwenye nyumba au kijiji kizima hutenga sehemu ya ardhi ng'ombe wasiingie. Nyasi hukua, huzaa mbegu, hukauka zikiwa zimesimama. Kiangazi kinapokaza, mwezi wa Julai au Agosti, na malisho mengine yamekwisha, ndipo ngitili hufunguliwa kidogo kidogo, nao ndama, ng'ombe wa maziwa na maksai wa kulimia hupata chakula mpaka mvua nyingine.

Yaliyoipata desturi hiyo wengi wetu twayajua kwa kusimuliwa. Wakati wa ukoloni vichaka vingi vilikatwa ili kuangamiza mbung'o, kilimo cha pamba kikapanuka, mifugo ikaongezeka, kuni na mkaa vikatoka katika miti hiyo hiyo, na katika miaka ya 1970, watu walipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa, wengi waliziacha ngitili zao nyuma. Kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa za Mkoa wa Shinyanga zilikuwa tupu, udongo umechukuliwa na maji, na watu wakaanza kusema kwamba jangwa limefika. Mwaka 1986 Serikali ikaanzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana zaidi kwa jina la HASHI.

Mwanzoni bidii kubwa ilitiwa katika vitalu vya miche na upandaji wa miti ya kigeni. Jasho lilikuwa jingi kuliko mafanikio. Baadaye ikatambulikana kwamba wazee walikuwa na dawa tangu zamani: ifungeni ardhi, ipumzike. Kwa maana chini ya udongo ule uliodhaniwa kuwa umekufa, visiki na mizizi ya miti ya asili ilikuwa hai bado. Ng'ombe na shoka vilipozuiwa, machipukizi yakatoka yenyewe. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kiasi cha hekta 600 tu. HASHI ilipofikia mwisho wake mwaka 2004, ngitili zilizorudishwa zilikuwa zimepita hekta 300,000.

Tuyatazame mambo matatu katika habari hiyo, kwa sababu yote matatu yamhusu mwanadamu. La kwanza, uhai ulikuwapo chini, ingawa juu hapakuonekana kitu. La pili, ardhi ilipewa nafasi ya kupumzika. Haikupona huku ikikanyagwa. La tatu, ngitili haikulindwa na mtu mmoja. Ililindwa na sheria za kijiji, na mkutano wa hadhara, na sungusungu, na jirani aliyeona ng'ombe wa mwenzake wameingia akamwita mwenyewe awatoe. Kila tusemapo kwamba mtu fulani "alijiinua mwenyewe", tukichunguza vema tutakuta mzizi, mapumziko na majirani.

Kazi ndogo na moyo mkubwa

Sasa tuulize: mzizi huo ndani ya mtu hupandwa na nini? Jibu ni kwamba hupandwa na taabu ndogo ambayo mtu ameipita. Mkono haupati nguvu kwa kupumzika tu, wala haupati nguvu kwa kubebeshwa gunia siku ya kwanza. Hupata nguvu kwa kubeba mzigo unaouzidi kidogo, kupumzika, kula, kisha kubeba tena. Moyo nao ni vivyo hivyo. Mtoto aliyetumwa machungani akapotelewa na ndama, akaogopa, akamtafuta mpaka jioni akampata, hurudi nyumbani na kitu ambacho hakuwa nacho asubuhi. Anajua sasa kwamba hofu yaweza kukaa kifuani na miguu ikaendelea kutembea. Siku atakapokabidhiwa karatasi ya mtihani na kuona swali la kwanza limemshinda, ujuzi ule utamfaa: ataliacha, ataendelea na la pili, kisha atalirudia.

Tazama pia akina mama zetu wanavyofanya na viazi vitamu. Viazi vinapovunwa kwa wingi, kila mtu akiwa ameshiba, wao humenya, hukata vipande na kuvianika juani, mara nyingi juu ya majabali. Vilivyoanikwa vibichi huitwa michembe. Vilivyochemshwa kwanza huitwa matobolwa. Kazi hiyo huchosha mgongo, wala siku ile haionekani faida yake, maana njaa haipo. Faida huonekana miezi mingi baadaye, mahindi yakiwa yamekauka shambani kwa kukosa mvua. Mwanafunzi asomaye somo lake jioni ile ile alipofundishwa, wakati mtihani uko mbali, anaanika michembe. Yule anayekesha siku mbili kabla ya mtihani ni kama mtu aendaye kutafuta viazi wakati wa njaa.

Na tuwakumbuke basumba batale, yaani vikundi vya vijana wa kijiji waliolima pamoja kwa zamu, leo shamba la huyu na kesho shamba la yule, kwa nyimbo na mashindano. Shamba ambalo mtu mmoja angelitazama akakata tamaa, watu ishirini walilimaliza kabla jua halijawa kali. Aliyekuwa mgonjwa hakuachwa. Zamu yake ilifika akalimiwa. Hapo vijana walijifunza kwamba kuomba msaada si aibu, maana kila mtu huomba na kila mtu hutoa. Vikundi vyetu vya kujisomea vyaweza kuendeshwa kwa desturi hiyo hiyo: anayejua hesabu leo awalimie wenzake, na kesho alimiwe Kiingereza.

Habari za Nyangalata

Wako watakaosema, "Hayo ni mambo ya mashamba, sisi twaishi katika nchi ya dhahabu." Basi na tuzungumze juu ya dhahabu.

Tarehe 5 Oktoba 2015 ardhi iliporomoka katika machimbo madogo ya Nyangalata, wilayani Kahama, na wachimbaji kadhaa wakafukiwa. Siku zikapita, watu wakadhani wote waliobaki chini wamekufa. Tarehe 15 Novemba, baada ya siku 41, watu watano walitolewa wakiwa hai. Walikuwa wameishi gizani kwa kula mizizi, mende na vyura, na kunywa maji machafu yaliyovuja kutoka juu. Mwenzao wa sita alikuwa amefia humo humo. Tena, mwezi Januari 2017, wachimbaji 15 walifukiwa huko Nyarugusu, Mkoa wa Geita, na baada ya siku chache wote wakatolewa hai.

Dunia iliwahi kustaajabia wachimbaji 33 wa Chile waliokaa chini ya ardhi siku 69 mwaka 2010. Kwa siku 17 za kwanza hakuna aliyejua kama wako hai. Waliishi kwa kugawana chakula kidogo mno, vijiko viwili vya samaki wa kopo kwa kila mtu kila baada ya siku mbili, na kwa kugawana kazi ili siku ziwe na utaratibu. Ndugu zetu wa Nyangalata walikaa chini siku 41. Ni haki watajwe pamoja na wale.

Lakini hapa yatupasa kuwa waangalifu. Mwanafunzi asisome habari hizi akasema, "Kumbe machimboni ndiko moyo unakojengwa." Watu wale walistahimili, lakini shimo halikuwafundisha kitu ambacho lisingeweza kukichukua pamoja na uhai wao, kama lilivyouchukua wa yule wa sita. Mzigo uzidio kidogo hujenga. Mzigo uvunjao mgongo haujengi. Kwenye mwalo, ambako mawe husagwa na dhahabu kuoshwa, kuna vumbi liingialo mapafuni na kuna zebaki, ambayo hudhuru ubongo na figo, tena humdhuru zaidi mtoto. Ndiyo sababu Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kufanya kazi ya machimbo. Sheria hiyo haikutungwa ili kuwafanya vijana kuwa legelege. Ilitungwa ili wapate muda wa kukua.

Wengine hupenda kumtaja Dakta John Williamson, Mkanada aliyegundua almasi za Mwadui mwaka 1940, wakisema, "Alitafuta miaka kwa miaka, akapata." Ni kweli, alitafuta kwa muda mrefu na kwa shida nyingi. Lakini wanaosimulia hivyo husahau mwanzo wa habari: kabla ya kutafuta almasi alikuwa amesoma elimu ya miamba katika Chuo Kikuu cha McGill huko Canada, mpaka akapata shahada ya udaktari. Hakuanza kwa kuliacha dawati.

Kijana aliyerudi

Nilipata kumfundisha kijana mmoja wa Kidato cha Pili, ambaye sitamtaja jina. Alikuwa mwepesi wa kuelewa lakini hakuzoea kushindwa, kwa kuwa katika shule ya msingi alikuwa wa kwanza kila mara. Huku alikuta wa kwanza wengine arobaini. Mtihani wa muhula ulipomtupa chini, hakusema na mtu. Juma lililofuata hakuonekana.

Alikaa machimboni miezi minne. Kazi yake ilikuwa kubeba viroba vya mawe kutoka kwenye duara hadi kwenye karasha. Mwenye duara alimwahidi mgawo mawe yatakapotoa, na mawe hayakutoa. Aliyemrudisha ni bibi yake, aliyepanda basi na kumtafuta kambi kwa kambi akiwa na picha yake ya shule mkononi. Nilimwuliza yule mama mzee alimwambia nini mjukuu wake. Akanijibu, "Mwalimu, sikumwambia neno. Nilimpa matobolwa, tukala. Kisha nikamwambia basi linaondoka saa nane."

Siwezi kusema kwamba mambo yalikuwa mepesi aliporudi. Alikohoa muda mrefu. Wenzake walikuwa wamemwacha nyuma, na wengine walimwita "mchimbaji" kwa kumcheka. Mara mbili alitaka kuondoka tena. Tulipatana jambo moja naye: asifikirie mtihani wa taifa, afikirie maswali matano ya hesabu kila siku, ayalete kwangu saa za jioni, yawe sahihi yawe makosa. Siku za mwanzo yalikuwa makosa karibu yote. Nilikuja kugundua kwamba kilichokuwa kikimponya si majibu sahihi, bali kule kuja. Alikuwa akijizoeza kuleta makosa yake mbele ya mtu na kuona kwamba hakufa.

Alimaliza Kidato cha Nne, akapata daraja la tatu, akaenda kusoma ufundi wa umeme. Kwa hesabu za watu wengine hilo si jambo kubwa. Mimi nalihesabu kuwa kubwa, maana nilimjua siku alipokuwa hawezi kuyatazama makosa matano.

Mtu mmoja anayejali

Habari ya bibi huyu inalingana na jambo ambalo wataalamu wamelichunguza mbali kabisa na kwetu. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, nchini Marekani, mtaalamu Emmy Werner na wenzake waliwafuata watoto wapatao 700 waliozaliwa mwaka 1955, tangu utoto mpaka utu uzima. Wengi walikulia katika umaskini na nyumba zenye fujo au ugonjwa. Katika wale waliokuwa na taabu nyingi zaidi, kiasi cha mmoja katika kila watatu alikua vizuri, akasoma, akafanya kazi, akatunza watu wake. Walipotafuta sababu, waliona kwamba watoto hao kwa kawaida walikuwa na mtu mzima mmoja angalau aliyewajali bila kuchoka, awe bibi, shangazi, mwalimu au jirani. Na wengi walikuwa na kazi fulani ya kutumainiwa nyumbani, kama kuwalea wadogo zao.

Basi ustahimilivu si sifa ya mtu peke yake. Ni kama ngitili: mzizi ni wa mti, lakini ulinzi ni wa kijiji.

Mambo ya kufanya

Kwa wanafunzi: Chagua kazi moja ndogo ya kila siku ambayo hutaiacha, hata siku ambayo hupendi. Unaposhindwa, andika sentensi mbili: nimekosea wapi, na kesho nitafanya nini. Usiseme "mimi siwezi". Sema "bado sijaweza", kwa kuwa ndiyo kweli yenyewe. Lala usingizi wa kutosha, maana hata ardhi hupumzishwa. Na ukiwa na jambo linalokuzidi, kama vile kupigwa, kutishwa au kulazimishwa kuolewa, usilistahimili kimya kimya. Kunyamaza juu ya uovu si ustahimilivu. Mwambie mwalimu unayemwamini, au piga simu namba 116 ya kusaidia watoto, isiyo na malipo.

Kwa wazazi: Wapeni watoto kazi, wavulana na wasichana sawasawa, lakini msiwape kazi inayomeza saa za masomo yote. Mtoto aletapo alama mbaya, msimkaribishe kwa fimbo wala kwa kumlinganisha na mtoto wa jirani; mwulizeni anaona nini kilichokwenda kombo, kisha mngoje ajibu. Na kama mwanenu ameacha shule, jueni kwamba mlango haukufungwa. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wanafunzi walioacha masomo kwa sababu mbalimbali, pamoja na wasichana waliopata ujauzito, warudi shuleni.

Kwa walimu wenzangu: Tunapobandika matokeo, tutazame pia nyuso za wanaoyasoma. Anayeondoka kimya ndiye wa kufuatwa. Dakika kumi za jioni ile zaweza kuokoa safari ya bibi mmoja kutoka kambi hadi kambi.

Likizo inakuja, na wengi wenu mtarudi nyumbani kulima, kuchunga, kuchota maji na kulea wadogo zenu. Msizione kazi hizo kuwa ni adhabu inayowatenga na vitabu. Mkizifanya kwa akili, mtarudi muhula ujao mkiwa na mizizi mirefu zaidi. Nami naomba jambo moja tu: siku ya kufungua shule, nitakapoita majina, kila dawati liwe na mtu.